Peleka Negativu Dirishani

Watu wanaoanza kupiga picha kwa filamu hunitafuta picha zikirudi vibaya, na karibu wote huuliza jambo lile lile: nibadilishe nini kwenye kamera? Mimi huwauliza negativu, yaani ile filamu yenyewe iliyosafishwa, ziko wapi. Mara nyingi hawana. Wametumiwa picha kwa simu, na negativu zimebaki kwenye droo ya studio zikisubiri kutupwa. Basi namwambia mtu arudi mjini akazichukue, hata kama ni kupanda matatu mara ya pili siku hiyo hiyo, kwa sababu bila hizo tutakuwa tunapiga ramli tu.

Picha ya simu imeshatengenezwa. Mashine ya kuskani hujaribu kusawazisha kila fremu: iliyokosa mwanga huongezewa nuru mpaka weusi wake unageuka kijivu chenye chengachenga, na iliyozidi mwanga hushushwa mpaka inaonekana ya kawaida. Ukitazama simu peke yake unaweza kudhani mkanda mzima uko sawa, kumbe nusu yake iliponea chupuchupu. Negativu haijasawazishwa na mtu yeyote.

Haya nilifundishwa na fundi mmoja wa kamera, mzee mwenye chumba kidogo ghorofani karibu na River Road, hapa Nairobi. Nilimpelekea kamera ya Pentax K1000 niliyoachiwa na mjomba, pamoja na mikanda yangu ya mwanzo, yote ya nyeusi na nyeupe, na yote picha zake giza tupu. Nilitaka aifungue kamera. Akaisukuma kando.

"Leta hiyo negativu hapa kwa dirisha, mwanangu."

Akaishika pembeni kwa vidole viwili, akaiinua, akawa anaisogeza polepole. Nilidhani anaangalia picha. Kumbe anaangalia ukingo, kule kwenye vitundu vya pembeni, ambako kiwanda huandika jina la filamu na namba za fremu.

"Hizi namba ziko nyeusi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na unazisoma bila shida?"

"Nazisoma."

"Basi dawa iko sawa. Usiende kugombana na watu wa studio. Shida iko kwa kamera, ama iko kwa vile unapima."

Hilo ndilo jambo moja ambalo ningependa kila anayeanza alijue kabla ya kununua mkanda wa pili, maana bei ya filamu siku hizi si ya kufanyia majaribio ya kubahatisha. Maandishi ya ukingoni hupigwa mwanga kiwandani, kwa kipimo kile kile. Kamera yako haiyagusi. Kwa hiyo yakitoka yamefifia, dawa ilikuwa imechoka, au ilikuwa baridi, au filamu ilitolewa mapema. Yakitoka meusi na makali huku picha zenyewe ni nyepesi kama glasi, filamu ilisafishwa vizuri ila haikupata mwanga wa kutosha. Kama maandishi yapo na hakuna picha hata moja, mkanda haukutembea ndani ya kamera. Ncha yake ilichomoka kwenye gurudumu la kuvutia, na wewe ukawa unapiga hewa. Kama hakuna picha wala maandishi, filamu yote angavu, kosa ni la wakati wa kusafisha, na mara nyingi mtu ametanguliza dawa ya kugandisha kabla ya dawa ya kutoa picha. Na kama filamu yote imekuwa nyeusi mpaka ukingoni, kuna mahali iliona mwanga wa chumba.

(Kuhusu mkanda usiotembea: kila unapovuta wenzo wa kupeleka filamu mbele, tupia jicho kile kishikio cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Kikizunguka, mkanda unakwenda. Kisipozunguka baada ya fremu mbili tatu, simama hapo hapo.)

Kwenye negativu mambo yamegeuzwa, na hapo wengi huchanganyikiwa. Sehemu nyepesi ndiyo itakayokuwa giza kwenye picha. Fundi alinizoesha kutafuta vivuli kwanza: nywele, suti nyeusi, chini ya mti. Kama pale pana michoro hafifu, hata ya kukodolea macho, picha imepata mwanga. Kama ni angavu kabisa, hakuna kitu pale, na hakuna skana wala programu itakayokileta. Upande wa pili, mbingu na mashati meupe huwa meusi kwenye negativu, na yakizidi weusi huwezi kuona hata taa ya dari ukiitazama kupitia hapo.

Negativu zangu zilikuwa angavu kwenye vivuli. Fundi akachukua kipima mwanga chake cha mkononi, akalinganisha na sindano ya kipima mwanga kilicho ndani ya K1000, vyote vikielekezwa kwenye ukuta wa nje, vikakubaliana. Kisha akauliza picha hizo zilipigwa wapi na lini. Zilipigwa Uhuru Park, mwezi wa Julai, watu wamesimama na mawingu nyuma yao.

Anayeishi Nairobi anaijua hiyo Julai. Mawingu yanafunika mji tangu asubuhi, baridi inakaa, jua halionekani siku nzima. Macho yanakwambia mwanga ni hafifu. Lakini lile anga jeupe lenyewe linang'aa kuliko uso wowote ulioko chini yake. Kipima mwanga cha K1000 hupima wastani wa kila kitu kinachoingia kwenye lenzi, na nusu ya fremu ikiwa anga, sindano inakaa katikati kwa ajili ya anga. Uso unalipia. Dawa yake ni rahisi: inamisha kamera mpaka anga litoke kwenye fremu, pima kwenye nyasi au kwenye nguo ya mtu yenye rangi ya kati, weka shata (muda wa mwanga kuingia) na tundu la lenzi hapo, halafu inua kamera upige bila kujali sindano inasema nini tena. Sindano italalamika. Iache.

Kipima mwanga hakijui unaangalia nini. Kila ukielekezacho kinadhani ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukipima gauni la bibi harusi, kitakupa kipimo cha kuligeuza kijivu. Ukipima suti nyeusi ya bwana harusi, kitataka kuipausha. Harusi nyingi nilizoombwa kupiga hapa mjini zina vyote viwili bega kwa bega nje ya kanisa saa saba mchana, na nyuso nyeusi zilizo katikati ndizo kila mtu atakazozitafuta kwenye picha.

Njia niliyobaki nayo ni kiganja. Kiganja cha mkono, changu au cha mtu mwingine yeyote, kina mwanga wa kama stopu moja, yaani mara mbili, juu ya kile kijivu. Nakiweka kwenye mwanga ule ule unaoupiga uso wa mtu, napima hapo, halafu naongeza stopu moja. Kiganja kikisema 1/250 kwa f/8 (shata ya 1/250 ya sekunde na tundu la f/8; namba ya f ikipungua tundu linapanuka), napiga 1/125 kwa f/8, au 1/250 kwa f/5.6. Angalia tu kiganja kielekee upande uso ulioelekea. Nimeona watu wakipima kiganja kilicho juani huku wanayempiga yuko chini ya mwavuli wa soda.

Kuna msemo unaozunguka kwamba filamu haipendi ngozi nyeusi. Una asili yake ya kweli. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyingine zote zikajitafutia njia zenyewe. Hayo yalikuwepo. Ila mtu akiniletea mkanda wa leo wenye nyuso zilizozama gizani, sikubali aishie hapo. Namwonyesha kwenye dirisha: uso huu ni mwepesi kwenye negativu, haukupewa mwanga. Huu mwingine, wa rafiki yake aliyekuwa kando ya mlango wa duka lenye sakafu nyeupe, una kila kitu, mpaka ule mng'ao wa shavuni. Ni mkanda mmoja, filamu moja.

Filamu za rangi za kawaida huvumilia sana mwanga ukizidi na huvumilia kidogo sana ukipungua. Kwa hiyo mtu aliyenunua Kodak Gold 200 na hana uhakika na kipimo chake, mimi humwambia aweke kamera yake ISO 100 (ISO ni namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga) na asahau. Stopu moja ya ziada haitamdhuru. Stopu mbili pungufu zitampa yale matope ya kijani kwenye vivuli ambayo watu siku hizi wanayaita mtindo. Sina ugomvi na mtindo, mradi umechagua mwenyewe.

Sasa jua. Ile kanuni ya f/16, kwamba jua likiwa wazi weka tundu f/16 na shata iwe sekunde moja kugawanya kwa namba ya ISO, inafanya kazi Nairobi vizuri sana kuanzia asubuhi jua likishapanda mpaka alasiri, hasa Januari na Februari. Filamu ya 200 inakuwa 1/250 kwa f/16, na filamu ya 400 inakuwa 1/500 kwa f/16. Angalia hiyo ya pili. K1000 inaishia 1/1000, yaani na filamu ya 400 mchana huwezi kufungua tundu zaidi ya f/11 bila kuanza kuunguza picha. Mtu ananunua filamu ya 400 kwa sababu ameambiwa inafaa kila mahali, anafungua lenzi yake mpaka f/2 apate ule ukungu mzuri nyuma ya mtu, anapiga saa saba mchana mbele ya KICC, na negativu inarudi nyeusi tii. Kamera haikuharibika. Ilihitaji shata ambayo haina.

Halafu jua letu hukaa utosini. Tuko karibu na ikweta, saa sita mchana kivuli cha mtu kiko chini ya miguu yake na macho yamezama kwenye mashimo meusi. Hapo kipimo chako kinaweza kuwa sahihi kabisa na picha ikawa mbaya vile vile. Mimi humpeleka mtu chini ya kibaraza, kwenye ukingo wa kivuli, akiangalia nje. Mwanga unaorudi kutoka barabarani unatosha. Ukiwa kivulini namna hiyo fungua tundu stopu tatu kutoka kwenye hesabu ya jua: f/5.6 badala ya f/16. Mawingu mazito ya Julai nayo huwa hapo hapo, wakati mwingine f/4.

Jioni ndiyo huwaponza wanaojifunza kutoka kwenye video za Ulaya. Kule mwanga wa machweo unakaa muda mrefu, mtu anabadilisha lenzi, anakunywa chai. Hapa jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na giza linafuata bila kusubiri. Kipimo ulichochukua ukishuka kwenye matatu hakifai ukifika ng'ambo ya barabara. Pima kila fremu, na ukifika chini ya 1/60 tafuta nguzo ya kuegemea, maana picha iliyotikisika nayo watu huiita imekosa mwanga.

Kuna kasoro ambazo ni za kamera kweli, na hizo zina alama zake. Fundi alinionyesha jaribio linalofanyika bila filamu. Unafungua mlango wa nyuma, unaelekeza lenzi dirishani, unaweka f/16 na 1/60, unachungulia kutoka nyuma huku unabonyeza. Unapaswa kuona kitundu kidogo chenye pembe safi. Tuliijaribu kamera ya mteja mwingine iliyokuwa juu ya meza. Mara ya kwanza kitundu kilionekana. Mara ya pili kikawa kikubwa. Mara ya tatu mwanga ukaja wote, lenzi wazi kabisa, kana kwamba hakuna f/16. Akaigeuza akanionyesha zile bati nyembamba ndani ya lenzi: zilikuwa na mafuta, zinang'aa, zimenata. Zinafunga pole pole kuliko shata. Mwenye kamera hiyo alikuwa na mikanda ambayo picha zake za kivulini ni nzuri na za juani zote zimeungua, na alikuwa amezunguka kwa watu akiambiwa ajifunze kupima.

Shata nayo hujaribiwa hivyo hivyo. Weka sekunde moja, usikilize. Kamera nyingi za mtumba zinasema sekunde moja zikikaa mbili, au zinakwama wazi. Kwa kasi za juu huwezi kuona kwa jicho, ila negativu itakwambia: upande mmoja wa fremu ni mwepesi kuliko mwingine, tena kila mara upande ule ule, na inatokea kwenye 1/1000 au 1/500 tu. Mapazia mawili ya shata hayakimbii sawa. Usichanganye na kosa la flashi. Kwenye K1000 flashi inakubaliana na shata mwisho 1/60. Ukipanda 1/125, sehemu ya fremu inakatwa wima, ukingo wake umenyooka kabisa. Nimeletewa picha za ubatizo ambapo mchungaji yuko vizuri na mtoto hayupo.

Mwanga unaovuja ni jambo jingine. Sponji zinazoziba mlango wa nyuma huoza na umri na kuwa lami inayonata vidoleni. Kwenye picha za rangi unaona mchirizi mwekundu au wa machungwa. Namna ya kuutofautisha na mwanga uliozidi ni kurudi ukingoni: mwanga uliozidi unabaki ndani ya mipaka ya fremu, kwa sababu umepita kwenye lenzi. Uvujaji hauheshimu mipaka, unamwagika mpaka kwenye vitundu na nafasi kati ya fremu. Sponji mpya fundi huziweka kwa pesa kidogo. Kabla ya hapo, utepe mweusi wa fundi wa umeme kwenye maungio ya mlango unatosha kumaliza mkanda.

Na betri. Kwenye K1000 ni moja tu ndogo, LR44, na kipima mwanga hakina swichi. Kinazimika ukifunika lenzi kwa kifuniko chake. Usipofunika, betri inakwisha ndani ya begi. Nunua SR44 ukiipata, maana inashikilia volti zake mpaka mwisho, tofauti na ile ya alkali inayoshuka kidogo kidogo. Kamera za zamani zaidi, kama Olympus OM-1, zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukitia ya 1.5, sindano inacheza vizuri tu huku inakudanganya. Wengi wetu tunatumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo volti zake ziko karibu na zile za zebaki. Zenit-E haina betri kabisa, kipimo chake kinajiendesha kwa mwanga, ila vingi vimechoka kwa uzee. Hiyo itumie na kanuni ya f/16, ama programu ya kipima mwanga kwenye simu.

Mimi siku hizi nasafisha nyeusi na nyeupe mwenyewe jikoni, na huko nako kuna yake. Nyakati zinazoandikwa kwenye chupa ni za nyuzi 20 za Selsiasi. Filamu ya HP5 kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ni dakika 13 kwa nyuzi hizo, na asubuhi ya Julai maji ya bomba yanakuja baridi zaidi. Ukimimina hivyo hivyo, unatoa mkanda ambao maandishi ya ukingoni yamefifia pamoja na picha. Beseni la maji ya uvuguvugu, kipimajoto, chupa ya dawa inakaa humo mpaka ifike. Dada yangu alinilazimisha ninunue beseni langu, la nyumbani lisiguswe tena.

Kamera yoyote mpya mkononi mwangu inaanza na jaribio juu ya jengo, tunakoanika nguo. Natafuta kamba yenye shati jeupe na suruali nyeusi, na nguo yoyote ya rangi ya kati. Napiga kwa kipimo cha kamera, kisha stopu moja chini, kisha moja juu, kisha mbili juu, naandika kwenye daftari. Fremu chache za mwanzo wa mkanda, zilizobaki napiga ninavyotaka. Zikirudi naziweka dirishani sambamba, naangalia ni ipi ambayo suruali bado ina mishono na shati bado lina mikunjo. Kamera ya mjomba, kwa mfano, hupendeza stopu nusu juu ya inavyosema. Sijui tangu lini, na sijaona haja ya kuirekebisha. Naweka ISO chini kidogo.

Wiki iliyopita kijana wa jirani aliniletea yake, ya mtumba, yenye ule upande mmoja mwepesi kwenye negativu. Tukaenda naye kwa fundi. Bei ya kurekebisha mapazia ilizidi aliyoinunulia kamera. Mzee akamuuliza hilo jambo linatokea kwenye kasi gani. 1/1000 peke yake. Akafunga mlango wa kamera akamrudishia.

"Hiyo namba usiitumie. Zingine zote ni zako."